Mundu wa Kijani Ndani ya Jalada

Sipendi mtu anayeshika santuri kwa kidole gumba juu ya mistari. Hilo niliseme mapema ili tuelewane. Akija mteja dukani kwangu hapa Tunduma, akachomoa santuri ndani ya jalada lake kama anachomoa hindi motoni, namwambia airudishe taratibu aende zake akachague viatu vya mtumba, huko ndiko kwenye kuvutana. Mume wangu husema nina mdomo mbaya. Mimi humjibu kwamba wateja bado wanarudi, na wakirudi wanakuja na adabu.

Nauza vitu vya zamani. Taa za chemli, pasi za mkaa, redio za mbao, cherehani zilizokufa na zinazokaribia kufa. Santuri zilikuja baadaye, baada ya jamaa mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka hapo tu, kuniambia kuwa kuna watu Lusaka na mbali zaidi wanazitafuta kama wagonjwa. Sikumwamini. Nikazikusanya kwenye masanduku ya watu Mbozi na Ileje, nyumba ambazo wazee wametangulia na watoto wanataka nafasi ya kuweka gunia. Kumbe alikuwa anasema kweli.

Kilichonishangaza ni kwamba hao wanunuzi wa mbali hawaanzi kuuliza wimbo. Wanauliza jalada. Piga picha mbele, piga nyuma, piga kona, piga mgongo. Kuna muhuri? Kuna maandishi? Hiyo rangi hapo chini ni nini? Mwanzoni nilikereka, nikawa najibu ni uchafu tu. Kisha nikaanza kuangalia, na nilipoanza kuangalia sikuweza kuacha tena.

Kona iliyokatwa kwa mkasi, hiyo iliuzwa kwa bei ya kutupa. Tundu dogo la mviringo, hiyo ilitolewa bure, labda kwa redio. Muhuri wa wino wa zambarau, duka fulani la miji ya migodini huko ng'ambo. Duara lililochubuka katikati ya jalada maana yake lililaliwa na mengine miaka mingi. Jina la mwanamume limeandikwa mbele, nyuma na ndani, huyo alikuwa kijana wa mgodini analala chumba kimoja na wenzake na hawaamini hata mmoja. Nta ya mshumaa, njia ya mchwa, kikombe cha chai kilichowekwa na mtu asiyelelewa vizuri. Nikishika jalada nakuambia limelala nyumba ya namna gani. Watu wakanizoea kwa hilo, na sifa, jamani, sikuzikataa.

Ndiyo maana binamu yangu akaja kwangu.

Binamu huyu ananunua mahindi na maharage pale Mlowo. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, anagombana na madereva wa malori mpaka wanamwita mama kwa hofu. Siku hiyo alikuja na kitu bapa amekifunga kwenye khanga. Akaniamkia, akauliza watoto, akanywa chai mpaka ikaisha, na simu yake ilipolia hakupokea. Nikajua leo kuna jambo.

Mama yake alikuwa shangazi yangu mdogo, mdogo wa mwisho wa baba yangu. Alifariki binamu akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni dada wa marehemu, shangazi yangu mkubwa wa Ruanda ya Mbozi, ambaye binamu anamwita mama mkubwa na ambaye yu hai mpaka leo. Picha ya marehemu ilikuwepo moja tu, ya kwaya nzima mbele ya kanisa. Mchwa waliianzia chini wakaila mpaka kwenye vipaji vya nyuso, wakaacha safu ya vitambaa vya kichwa. Hata ukioneshwa kipi ni chake, utakiangalia kitambaa ufanye nini? Basi binamu amekua kwa maneno ya watu. Kwamba mama yake alikuwa mrefu. Kwamba alikuwa anacheka hata msibani, akabanwa mbavu na dada yake ili anyamaze.

Ila kulikuwa na santuri. Kwaya ile ilisifika, wakaja watu na gari lenye mashine ya kurekodi, wakaiimbisha siku nzima. Baada ya miezi kadhaa zikaletwa santuri ndogo chache, zenye kibandiko cheupe kitupu, namba tu katikati. Moja ikaja kwa babu yetu kwa sababu mabinti zake wawili waliimba humo, na kwa sababu babu alikuwa na gramafoni aliyoinunua mwaka ambao kahawa ilimpendelea.

Santuri hiyo ikaazimwa harusini pamoja na nyingine, zikaenda kwenye tenga moja na sahani za kulia. Jalada likarudi. Jalada letu kabisa, la karatasi ngumu ya kaki, na alama yetu, nukta tatu nyekundu, mgongoni. Likatundikwa mahali pake na hakuna aliyelifungua, maana shangazi mdogo alikuwa ameshaanza kuumwa na nyumba haikuwa na hamu ya nyimbo. Wakamzika. Siku waliyomaliza matanga babu akasema jamani tumsikie mtoto wangu. Wakaweka sindano. Yakatoka magitaa ya dansi.

Shangazi mkubwa alinisimulia hilo zamani na hakucheka. Anasema babu aliizima gramafoni kwa kuifunika na koti.

Waliuliza nyumba kwa nyumba, huku kwetu Mbozi. Kila nyumba ikajibu kuwa santuri zake zimerudi zote na hakuna ya mtu. Mambo yakaishia hapo, na miaka ikapita mpaka binamu akawa mtu mzima mwenye wajukuu. Nikamuuliza kwa nini sasa. Akalifungua fundo la khanga, akaweka jalada la kaki juu ya meza, akaniambia taratibu, yeye ambaye hana taratibu:

"Dada, masikio ya mama mkubwa yanafunga. Hospitali wamesema hayarudi. Yeye ndiye peke yake aliyebaki katika waliosimama pale siku ile. Hata ukiipata hiyo santuri kesho, mimi nitasikia kundi la wanawake wanaimba. Nani ataniambia mama yangu ni yupi?"

Nililichukua jalada nikalishika kwa kingo. Nikasema nitajaribu. Roho iliniuma kuliko nilivyoonesha.

Ndani ya jalada la kaki kulikuwa na ile santuri ya dansi, ya miji ya migodini, iko ndani ya karatasi yake nyembamba ya ndani. Na kwenye kona ya hiyo karatasi nyembamba kulikuwa na alama imechorwa kwa rangi ya mafuta, ya kijani, imepinda kama mundu mdogo. Nikaipiga picha. Nikasema hii sasa ni kazi yangu, mtu mwenye mundu wa kijani ndiye aliyepoteza dansi akapata kwaya.

Jamaa wa Nakonde aliiangalia kwenye simu, akasema hapana shaka yoyote. "Bamayo, mama yangu, hii ni ya baa," akaniambia. Alidai baa za miji ya migodini zilikuwa zinapaka rangi santuri zao zisiibiwe, na kijani aliwahi kuiona. Nikamwamini kwa sababu ndivyo ningewaza mimi mwenyewe. Santuri ni ya huko, basi na alama ni ya huko. Nikavuka mpaka mara kwa mara, nikaonesha picha kwa wauza vitu vya zamani, nikakaribishwa kwa mwaiseni mukwai nyingi na vinywaji baridi, nikarudi mikono mitupu. Wanunuzi wangu wa mbali nao kila mmoja akatoa lake. Huyu akasema ni alama ya mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Huyu akasema redio. Mmoja akaandika kwamba ni saba iliyogeuzwa. Saba iliyogeuzwa! Huyo nilikaa wiki nzima sijamjibu.

Huku nyuma shangazi anazidi kutuacha. Kila nikienda Ruanda kumwona nakuta kipande kingine kimeondoka. Alianza kwa kutosikia vifaranga. Kisha simu ikilia mfukoni mwake anakutazama wewe. Kisha sauti za wanawake. Mume wangu, ambaye ana sauti nzito ya gari linalopanda mlima, akimwamkia kwa kawaida tu anaitikia marahaba na kumuuliza habari za mgongo. Mimi nikipaza sauti mpaka jirani anachungulia, shangazi ananiambia niache kunong'ona, kwani nina siri gani.

Tulicheka, lakini nikirudi Tunduma nilikuwa sichangamki.

Kisha mtoto wa kaka yangu akaoa. Harusi ilifanyika Ruanda, kubwa, na wakwe zetu walitoka Isongole ya Ileje na lori dogo limejaa watu, vigelegele na vyombo vyao vya chakula. Sisi na watu wa Isongole tumeoana tangu zamani, hakuna nyumba ya ukoo wetu isiyo na mke wa kule. Yaliyotokea siku yenyewe hayahusiani na habari hii. Habari iko kesho yake asubuhi, uani, wakati wa kutenganisha vyombo.

Asiyewahi kufanya kazi hiyo hawezi kuijua. Harusi moja inakula kwenye vyombo vya nyumba ishirini. Masufuria, mabeseni, sahani, vikombe, vijiko, vyote vimeoshwa vimerundikwa, na vyote vinafanana. Ndiyo maana kila nyumba ina alama yake chini ya chombo. Nyumba ya babu yetu ni nukta tatu nyekundu na mstari chini yake. Ya kwangu ni msalaba mweupe, niliupokea kwa mama mkwe nilipoolewa, naye aliupokea kwa mama mkwe wake. Siku hizi wasichana wanatumia rangi ya kucha, zamani ilikuwa rangi iliyobaki kwenye milango. Mnakaa chini, mnapindua kila kitu kifudifudi, na mnatenganisha kwa matako ya vyombo. Hakuna anayeangalia juu ya sahani. Ina nini huko juu?

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda akisimamia, anatoa amri kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Nami nikavuta sufuria moja kubwa, ile ya kupikia nyama, nikaipindua.

Mundu wa kijani.

Nilikaa chini palepale penye maji machafu na gauni langu zuri. Wanawake wakadhani nimeanguka, mmoja akanishika kwapa. Nikawauliza hii ni ya nani. Nikauliza kwa ukali, nadhani, kwa sababu yule aliyenishika aliniachia. Kisha mmoja akasema si ya wakwe, ya yule mama aliyekuja na nyama, nyumba yao iko nyuma ya soko pale Isongole.

Sasa nilikiona kila kitu kama vile nilikuwepo. Santuri zilisafiri na sahani kwenye tenga, basi zilipigwa alama za sahani. Mpiga santuri wa ile harusi, nani anajua alikuwa amekunywa nini, alirudisha kila santuri, na karatasi yake ya ndani, kwenye jalada lililokuwa karibu. Na kesho yake wanawake wakakaa uani kama tulivyokaa sisi, wakapindua kila kitu, wakaona nukta tatu wakasema ya huku, wakaona mundu wakasema ya kule. Walitenganisha majalada sawasawa kabisa. Ila jalada lina ndani, na sahani haina. Karatasi ya ndani hakuna aliyefikiria kuitafutia alama. Hata babu alipouliza nyumba kwa nyumba huku Mbozi, watu walitazama alama zao wakaona zipo. Walimjibu ukweli wao.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi, halafu nikakasirika. Nimevuka mpaka nikatafuta baa za watu, na alama iko chini ya sufuria. Na mimi msalaba wangu uko jikoni, naupindua kila siku ya Mungu. Nikamwandikia jamaa wa Nakonde kwamba baa yake nimeiona na inapika nyama vizuri sana.

Nikampigia binamu. Akaniuliza tu tunaondoka saa ngapi.

Chombo hakirudishwi kitupu, hivyo tuliijaza ile sufuria maharage ya Mbozi tukaifunga kitambaa, tukakodi gari mpaka Isongole. Binamu alikaa mbele na jalada mapajani, njia nzima akilipapasa kingo, dereva akawa ananitazama kwenye kioo kama kwamba nimempakia mgonjwa. Yule mama mwenye sufuria alitupokea kwa furaha, akashangaa maharage, akashangaa zaidi kuona hatuondoki. Nikamuuliza nani katika nyumba hii alikuwa na santuri. Akacheka, akaonesha kidole kwa baba mkwe wake.

Mzee alikuwa barazani juani, anachonga mpini wa jembe. Tukapiga magoti tukamwamkia. Akaitikia bila kuacha kuchonga. Binamu akatoa ile karatasi nyembamba yenye mundu akamwekea mbele. Mzee akaweka kisu chini. Hakuiangalia santuri hata kidogo. Akapitisha kidole juu ya rangi ya kijani, akaenda akirudi, muda mrefu, mpaka mkwewe akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Mmechelewa," akasema.

Kisha akatueleza, bila haraka. Rangi ile aliipaka yeye kwa unyoya wa kuku, na marehemu mke wake akamcheka kwamba hata karatasi ya ndani unaitia alama, nani atakuibia karatasi. Santuri aliinunua kwa kazi ya mgodini, ilikuwa ya kwanza katika maisha yake. Alipofika nyumbani kutoka harusini akakuta ndani ya jalada lake watu wanaimba kanisa. Aliulizia kwenye makanisa ya Isongole, hakuna aliyeijua. Nikamuuliza, kwa upole kadiri ninavyouweza, mbona hakuja kuuliza Mbozi. Akanitazama kama mtu asiye na akili. Ati azunguke Mbozi nzima na santuri kichwani? Aliyechukua yake ndiye mwenye hii, na akiihitaji atakuja. Basi alikaa akasubiri. Kichwa kigumu yule mzee, sijapata kuona, na aliisubiri santuri hiyo muda wote binamu alipokuwa anakua, anaolewa na kuzaa.

Lakini hakuivunja, hakuiuza, hakuitupa. Aliingia ndani akatoka na jalada la rangi, mwanamume mwenye gitaa mbele, na mgongoni mundu wa kijani. Kabla hajatupatia ya kwetu alitaka kukagua yake kwanza. Akaitoa kwenye karatasi kwa kingo, kwa viganja viwili, akaielekeza juani na kuizungusha taratibu bila kidole kugusa mistari. Hapo hapo nikampenda.

Alipotosheka akatoa ya kwetu. Ndogo, nyeusi, kibandiko cheupe kitupu. Binamu aliipokea kwa mikono miwili akapiga goti tena, naye mzee akamuuliza huyo anayeimba humo ni nani wake. Binamu akamwambia. Mzee akachukua mpini wake akaendelea kuchonga, lakini niliona kisu hakishiki mti.

Hatukukaa kula, na kwa kweli ilikuwa utovu wa adabu, lakini binamu alikuwa ameshasimama kwenye gari. Tulipofika njia panda ya Mpemba tukakata kuja Tunduma nikachukua gramafoni yangu ya betri. Mume wangu alifunga duka akapanda nasi, eti kubeba mashine. Najua alitaka kusikia.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika Ruanda. Shangazi alikuwa uani anaanika kahawa yake kidogo. Tulimwonesha kibandiko cheupe akakijua bila kuambiwa. Akanawa mikono, akajifunga khanga safi, akaketi karibu kabisa na mashine, goti lake limegusa meza. Nikaipangusa santuri kwa kitambaa laini. Sindano ikashuka.

Kwanza mkwaruzo, kama mafuta yanapoanza kuchemka. Kisha kwaya ikaingia, wimbo wa Kinyiha wa taratibu, wanaume chini na wanawake juu yao wamejaa, sauti nyingi zilizofungamana, nzuri mpaka ngozi ikanisisimka. Binamu hakuwa anaitazama mashine. Alikuwa anamtazama shangazi usoni, anasubiri kuoneshwa.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Sindano ikafika katikati, santuri ikawa inazunguka bure. Akasema, kwa ile sauti yake kubwa:

"Wanaume nawasikia. Wanawake hamna."

Binamu akainamisha kichwa. Mimi nilitaka kupasuka. Niliiona miezi yote ya kule ng'ambo, zile baa, ile saba iliyogeuzwa, na nikasema moyoni Mungu wangu, kwa kipande kidogo hivi. Binamu hakulalamika. Alinyoosha mkono aitoe santuri airudishe kwenye jalada, mwanamke huyu wa malori, na kidole gumba chake kikakaa juu ya mistari, nami nikamwacha.

Shangazi akampiga mkononi. Akasema irudishe mwanzo, nani kakwambia nimemaliza.

Nikairudisha. Safari hii shangazi alifumba macho akashika sauti za wanaume, zile alizokuwa nazo, na juu yake akaweka ya kwake. Aliimba sehemu yake, ile ya siku ile, kwa sauti iliyochakaa lakini iko mahali pake. Mguu wake ulikuwa unapiga chini pamoja na wale marehemu. Mume wangu akavua kofia. Ulipoingia ubeti wa mwisho shangazi akaacha kuimba, akainua kidole.

"Hapa. Kuna neno refu. Wote wanakwenda nalo. Mmoja anakata katikati anavuta pumzi. Huyo ndiye mama yako."

Nasi tukasikia. Ukijua pa kusikiliza huwezi kuikosa. Sauti zote zinapanda na lile neno, na moja, iliyo juu kabisa, nyembamba na safi, inakatika. Inavutwa pumzi fupi, ya mtu anayejitwisha ndoo. Kisha inarudi na kuwafikia wenzake kabla neno halijaisha. Sikuisikia mara ya kwanza, na baada ya hapo sikusikia kingine.

Binamu aliuliza kwa nini amekata. Shangazi hakumsikia. Akauliza tena kwa kelele, shangazi akamwambia asinong'one. Ndipo mume wangu akainama karibu na sikio la shangazi akauliza kwa sauti yake nzito, neno kwa neno, kwa nini alikata pale.

Shangazi akamtazama binamu, si mume wangu.

"Alikuwa na mimba yako, umeshakua umembana. Mwalimu wa kwaya alimgombeza, akasema umetuharibia. Naye akamjibu, si mimi mwalimu, ni huyu ananipiga teke." Akacheka kidogo. "Wakataka kurudia, mwenye mashine akakataa. Basi mkabaki hivyohivyo."

Binamu alikaa akitazama mikono yake. Miaka yote hiyo alikuwa akisema yeye na mama yake ni kama hawakukutana, kwamba mmoja aliingia na mwingine akatoka. Alilia sasa, kwa sauti, bila kujificha, na hakuna aliyembembeleza kwa sababu haikuwa ya kubembelezwa.

Alipotulia akajifuta kwa khanga, akaishika santuri kwa kingo kama nilivyomfundisha, akarudisha sindano ubeti wa mwisho. Shangazi alikuwa amegeuka kuangalia kahawa yake juani, na mguu wake unapiga chini. Ilipofika ile pumzi, bila kugeuka, akainua kidole palepale.